Ruta Haivai Kitambaa: Mwongozo wa Kufunga Intaneti ya Waya Nyumbani, Toleo la Rungwe

Ndugu msomaji wa Tukuyu, Kiwira, Katumba na Mwakaleli, siku ya kuvutiwa intaneti ya waya ni siku kubwa. Picha ya mjukuu wako aliyeko ng'ambo imegeuzwa mwanga, ikapita chini ya bahari, ikatua Dar es Salaam, ikakimbia ndani ya nyuzi za kioo hadi Mbeya, ikakata kona Uyole na kuanza kupanda milima ya Rungwe. Ndani ya kioo mwanga huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Dar hadi Tukuyu, kilomita 900 kwa kukadiria, unazimaliza hata jicho hujapepesa.

Kisha picha hiyo inafika sebuleni na kuikuta ruta imefungiwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, juu yake kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu. Hapo ndipo mjukuu anapoganda akiwa na mdomo wazi, na babu anaanza kuilaani kampuni.

Kampuni zina makosa yake na tutayafikia. Lakini mita kumi za mwisho, kuanzia tundu la ukutani hadi kwenye simu yako, ni za mwenye nyumba. Nyumba nyingi zinalipia kasi nzuri kila mwezi na kuiua zenyewe kwa kabati, ukuta na nenosiri la 12345678. Hatua zifuatazo ni za kuzikomboa mita hizo.

Hatua ya kwanza: jua unachofungiwa

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2009 ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na shirika la mawasiliano la TTCL. Mkongo huo unaungana na Malawi pale Kasumulu, na barabara ya kwenda Kasumulu ni hiihii inayokata Tukuyu.

Usifanye sherehe bado. Mkongo mkubwa kufuata barabara si sawa na faiba kufika mtaani kwako. Kabla hujanunua hata msumari, nenda kwa mtoa huduma, mtajie mtaa na nguzo iliyo karibu, umuulize kama wanafika hapo na kwa waya wa aina gani. Usimuulize binamu yako anayesoma chuo Mbeya. Huyo atakujibu hata asichokijua.

Aina za waya ni tatu. Faiba ni uzi wa kioo unaobeba mwanga, nao huishia kwenye boksi dogo lenye taa. Kebo ya televisheni ni waya mnene wenye shaba katikati, nao huhitaji modemu yake. Waya wa simu ya mezani wa zamani nao ni shaba, na kasi yake hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo. Ruta inayotumia laini ya simu ya mkononi si intaneti ya waya, hata kama imechomekwa kwenye soketi. Ukijua chako ni kipi, nusu ya ubishi na fundi imekwisha.

Hatua ya pili: mkaribishe fundi, umshike mkono

Fundi akifika mtamkie karibu, mpe ndizi na maziwa. Hiyo ndiyo Rungwe. Lakini ukishamlisha, usimwachie achague mahali pa ruta. Fundi ana wateja wengine wanne kabla jua halijazama, kwa hiyo macho yake huona kona moja tu: ile iliyo karibu na mlango, ambako waya wake unaishia bila kuongeza hata sentimita. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Waya huo utaishia wapi?"

"Hapa hapa dirishani, mama. Panatosha kabisa."

"Dirishani hakuna mtu anayelala wala kusoma. Ulete mpaka ukumbini katikati. Kama waya umepungua, niambie bei ya kuongeza, tusifichane."

Mama huyo ameokoa miaka ya manung'uniko kwa sentensi tatu. Kuongeza waya siku fundi yupo na ngazi imesimama ni gharama ndogo. Kumwita tena baada ya miezi miwili ni gharama nyingine, na ahadi za "kesho asubuhi" zisizohesabika.

Hatua ya tatu: mvua ipewe njia yake

Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua ya hapa haibishi hodi, inatafuta tundu. Waya ukitoka kwenye nguzo ukishuka moja kwa moja hadi kwenye tundu la ukuta, maji yatateremka juu yake, yataingia ndani na kuishia kwenye boksi lako.

Dawa yake haina gharama. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie chini ya usawa wa tundu, ufanye tumbo, halafu ndio upande kuingia. Maji yatadondokea kwenye tumbo hilo na kwenda zake ardhini. Tundu lenyewe litobolewe kwa mwinamo, upande wa nje ukiwa chini kuliko wa ndani, kisha lizibwe kwa silikoni. Matambara na karatasi za sukari havizuii mvua ya Rungwe.

Na wewe kijana unayeitazama nguzo ya TANESCO ukijipima kama unaweza kuipanda ili kusogeza waya: shuka moyoni kabla hujapanda mwilini. Nguzo ni ya waliofundishwa na wenye ruhusa.

Hatua ya nne: uzi wa kioo haukunjwi

Faiba inabeba mwanga, na mwanga hautaki kona kali. Ukiukunja uzi ukaubana kwa msumari pembeni mwa mlango, mwanga unavuja pale kwenye mkunjo na boksi linapata mabaki. Mzunguko wowote wa uzi uwe mpana, usipungue upana wa kikombe cha chai. Uliobaki usiufunge fundo wala usiukanyagishe kochi.

Usiguse ncha yake kwa kidole. Mafuta ya ngozi na vumbi vinatosha kuzuia mwanga. Wala usichungulie ncha hiyo kuona kama "inawaka". Mwanga wake ni wa leza, jicho haliuoni, na kutouona si dalili kwamba hauna madhara. Watoto waambiwe hivyo siku ya kwanza, kwa sauti ileile inayotumika kwa moto na maji yanayochemka.

Kisha jifunze taa mbili kwenye boksi la faiba. Iliyoandikwa PON ikiwa ya kijani na imetulia, mwanga unafika. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: uzi umekatika, umekunjwa au umechomoka. Nyekundu hiyo haiponi kwa kuzima na kuwasha. Kagua uzi ulio ndani ya nyumba, na ukiukuta mzima, piga simu.

Hatua ya tano: iweke unapoweka taa

Fikiria nyumba yako usiku, umeme umekatika, una taa moja ya chemli. Utaiweka wapi ili wote waone? Si ndani ya kabati. Si sakafuni nyuma ya kochi. Utaiweka katikati, juu, mahali pasipo kizuizi. Ruta nayo ipewe heshima hiyohiyo: katikati ya nyumba, kimo cha kifua au zaidi, wazi pande zote.

Sasa tuje kwenye kitambaa. Kitambaa cha kufuma hakizuii mawimbi kwa kiasi cha kujali, kinazuia hewa. Ruta hufanya kazi saa 24 na hujipooza kupitia vitundu vya ubavuni. Ukiifunika inapata joto, inapunguza kasi, inajizima, na mwisho inakufa kabla ya wakati wake. Kitambaa hicho ni kazi ya mikono ya mtu na kinastahili kuonekana. Kipeleke juu ya meza.

Vizuizi vya kweli ni hivi. Chuma na mabati huyarudisha mawimbi yalikotoka, kwa hiyo ruta isikae nyuma ya friji, wala usitegemee ivuke chumba kilichozungushiwa mabati. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, nacho ni ukuta. Maji hunyonya mawimbi, hivyo pipa na tangi si majirani wema. Ukuta wa matofali ya kuchoma hupunguza kiasi, na kila ukuta unaoongezeka hupunguza tena. Hesabu kuta kati ya ruta na mahali mtoto anaposomea. Zikizidi mbili, sogeza ruta au sogeza meza.

Hatua ya sita: tundu lile, si lile lingine

Nyuma ya ruta kuna matundu yanayofanana. Moja limeandikwa WAN au Internet, mara nyingi lina rangi yake. Mengine ni LAN. Waya unaotoka kwenye boksi la faiba au modemu unaingia WAN. Vifaa vyako, yaani televisheni, kompyuta na printa, vinaingia LAN. Watu wazima wenye shahada wamepoteza Jumamosi nzima kwa kuchomeka kwenye tundu la jirani.

Kuna mtego mwingine, mkubwa zaidi. Boksi la faiba mara nyingi lenyewe tayari ni ruta. Ukilichomekea ruta ya pili uliyonunua Mbeya, nyumba inakuwa na wakuu wawili wanaogawa anwani kwa vifaa. Kama wote wanatumia 192.168.1.1, watagongana na hakuna kitakachofunguka. Masuluhisho ni mawili. La kwanza, igeuze ruta ya pili iwe kituo cha kusambazia waifai tu, kazi ya kugawa anwani ibaki kwa boksi. Chaguo hilo limo kwenye ruta nyingi za sasa. La pili, ibadilishie ruta ya pili anwani, iwe kwa mfano 192.168.2.1.

Kuingia kwenye mipangilio ni kuandika anwani hiyo kwenye kivinjari ukiwa umeunganishwa na ruta, kisha jina na nenosiri vilivyo kwenye kibandiko cha chini. Baadhi ya watoa huduma hukupa pia jina na nenosiri la kuunganishia. Yaandike daftarini siku hiyohiyo. Na kile kitundu kidogo kinachoandikwa RESET kikae mbali na kijana mwenye pini: ukikibonyeza sekunde kadhaa kinafuta kila kitu, pamoja na mipangilio ya kampuni, na fundi atarudi kula ndizi mara ya pili.

Hatua ya saba: jina la heshima, nenosiri la siri

Jina la waifai linaonekana na kila apitaye njia, basi lisiwe jina lako kamili wala namba ya nyumba. Weka la kufurahisha. Ukiita Banyambala1986, kila mzee wa Tukuyu atatabasamu akikumbuka mwaka ambao timu ya soka ya Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara.

Ila furaha iishie kwenye jina. Nenosiri lisiwe tukuyustars, wala jina la mtoto, wala namba yako ya simu ambayo mtaa mzima unayo. Chukua maneno manne yasiyohusiana, yaunganishe, uongeze tarakimu. Refu na rahisi kukumbuka ni bora kuliko fupi lenye alama za ajabu. Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA3, na kama vifaa vyako ni vya zamani, WPA2. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha bila kuandika nenosiri. Na nenosiri la kuingilia mipangilio, ambalo kiwandani huwa "admin", libadilishe kabla hujafungua hata video moja. Anayelijua hilo anaweza kukufungia nje ya ruta yako mwenyewe.

Hatua ya nane: migomba ina maji

Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo. Gigahezi 5 ina kasi kubwa, ila huchoka haraka. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta ipewe 5. Simu ya bibi aliye chumba cha nyuma ipewe 2.4. Majirani wakisongamana kwenye 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Sasa nyumba za kwetu. Jengo kubwa liko mbele, jiko nyuma, nyumba ya vijana pembeni, na katikati ni migomba. Jani la mgomba limejaa maji, na likilowa mvua linaongeza mengine, kwa hiyo mawimbi yanaishia shambani. Usiikate migomba kwa ajili ya YouTube. Pitisha waya wa mtandao ndani ya bomba la plastiki hadi nyumba ya vijana na uweke huko kituo cha pili cha waifai. Waya wa aina hiyo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na nyua nyingi hazifiki huko.

Hatua ya tisa: umeme na radi

Wingu likianza kujikusanya juu ya Mlima Rungwe, chomoa ruta na boksi kwenye umeme. Chomoa kabla radi haijaanza kupiga. Ikishaanza, kaa mbali na nyaya. Uzi wa kioo wenyewe haupitishi umeme, lakini waya wa nje mara nyingi una chuma cha kuushikilia, na njia kuu ya radi kuingia ni ile adapta iliyoko ukutani. Waya wa mtandao unaounganisha nyumba mbili ni wa shaba, nao uchomolewe ncha zote mbili.

Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, weka kifaa cha kulinda kama kile cha friji. Ukiweza, ongeza betri ndogo ya ruta. Soma volti zilizoandikwa kwenye adapta, mara nyingi 12, ununue inayolingana. Faida yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani: mitandao mingi ya faiba ya majumbani haihitaji umeme popote kati ya kituo na nyumba yako. Kituo kikiwa na umeme wake na wewe ukiwa na betri yako, mtaa utakuwa giza na mtoto ataendelea kujaza fomu ya mkopo wa chuo wa HESLB usiku wa mwisho.

Hatua ya kumi: gawana kwa akili

Mgeni wa Kinyakyusa hanyimwi chakula, na siku hizi hanyimwi waifai. Fungua mtandao wa wageni. Ruta nyingi zina chaguo hilo. Mtandao huo utakuwa na nenosiri lake na hautafikia kompyuta yako. Matokeo ya mitihani ya NECTA yakitoka, watoto wa jirani watakuja, na waje. Lakini kuwauzia majirani intaneti ni biashara inayohitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kugawana na mgeni aliyeketi sebuleni ni ukarimu.

Hatua ya mwisho: pima, andika, dai

Mkataba unahesabu megabiti. Faili kwenye simu huhesabiwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2.5, na filamu ya gigabaiti moja itachukua karibu dakika saba. Hujaibiwa hapo.

Ili kujua kama umeibiwa, usipime kwa simu ukiwa jikoni. Chukua kompyuta, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye boksi, zima vifaa vingine, upime asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Kama kwa waya kasi ni nzuri na kwa waifai ni mbaya, tatizo ni lako: rudi hatua ya tano. Kama hata kwa waya ni mbaya siku hadi siku, tatizo ni lao. Zipo pia siku ambazo tatizo ni la wote: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikahangaika. Siku kama hiyo usiguse kitundu cha RESET.

Vipimo viandike kwenye karatasi: tarehe, saa, kasi, rangi ya taa. Peleka kwa mtoa huduma na uombe namba ya lalamiko. Wasipolitatua, lipeleke TCRA, ukiwa na namba hiyo. Kisha mpe jirani nakala ya karatasi tupu ajaze zake. Mteja mmoja anayesema "mtandao unasumbua" ataambiwa azime na kuwasha. Nyumba kumi za mtaa mmoja zenye vipimo vya wiki mbili, zote zikiwa zimekwishafunga ruta zake vizuri, zinaonyesha mahali waya ulipooza, na kampuni haina tena kabati wala kitambaa cha kusingizia.